Mianzi kwa Ajili ya Stara: Namna ya Kuchagua na Kupanda Ua wa Mianzi Kisumu na Kando ya Ziwa



Kuna swali moja linalonijia mara kwa mara kutoka kwa jamaa zetu walioko Kisumu, Port Victoria na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria: nipande mianzi gani nipate stara uani? Wanaouliza wengi wao hawatafuti urembo. Ni watu wenye nyumba za chini zilizo na uwanja nyuma, mahali mama anapofulia, binti anapoanika nguo na mzee anapotawadha. Kisha jirani akajenga gorofa tatu au nne, madirisha yote yakaangalia huko nyuma. Ukuta wa mawe wa futi nane hauzuii jicho lililo juu, na kuuinua zaidi ni gharama isiyobebeka.

Sisi watu wa pwani jambo hili hatuhitaji kuelezwa. Neno letu ua lina maana mbili zilizoshikana: lile zuio lenyewe, na ile nafasi ya ndani inayozuiwa. Mababu zetu walijenga ua kwa makuti na fito, na anayeingia uani hupiga hodi kwanza. Jamaa zetu wameishi kandokando ya ziwa tangu zama za misafara ya biashara iliyopitia Mumias, na tangu reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Makuti ya mnazi kule hakuna, lakini haja ya stara ni ile ile.

Nimefanya kazi ya bustani za watu kwa miaka kadhaa, pwani na bara. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo mtu anapaswa kuyajua kabla ya kutoa shilingi yake kwenye kitalu.

Mwanzi ni nyasi, si mti

Jambo la kwanza, mwanzi ni wa ukoo mmoja na mpunga, mahindi na muwa. Ukilielewa hili, mengi yatakuwa mepesi.

Shina la mwanzi huchomoza ardhini likiwa na unene wake wote. Halinenepi mwaka hadi mwaka kama mwembe. Chipukizi linalotoka na unene wa kidole gumba litabaki na unene wa kidole gumba hadi life. Hurefuka kwa kasi, kwa aina kubwa shubiri moja au zaidi kwa siku moja wakati wa mvua, na katika miezi michache humaliza urefu wake wote. Baada ya hapo kazi yake ni kutoa matawi na kukomaa, na ukomavu huchukua kama miaka 3 hadi 5.

Kwa hiyo mche mdogo ulioununua hautarefuka wenyewe ukawa ua. Utatoa machipukizi, na kila msimu wa mvua machipukizi yatakuwa marefu na manene kuliko ya msimu uliopita, mpaka kichaka kifike kimo cha aina yake. Anayekuambia utapata ua kamili kwa miezi 6 anakuuzia maneno. Tarajia kuona dalili mwaka wa pili, stara ya kuridhisha mwaka wa tatu, na ua uliojaa mwaka wa nne au wa tano, ikiwa umetunza.

Wa kichaka na wa kutambaa

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala haya. Mianzi imegawika mafungu mawili kwa tabia ya shina lake la chini ya udongo, yaani tunguu.

Fungu la kwanza ni mianzi ya kichaka. Tunguu lake ni fupi na nene, na kila chipukizi hutokea karibu na mama yake. Mfano wake ni mchaichai: hupanuka, lakini kwa pole na kwa mviringo. Mianzi mingi ya nchi za joto iko fungu hili.

Fungu la pili ni mianzi ya kutambaa. Tunguu lake ni jembamba na refu, hukimbia chini ya ardhi kama ukoka, na kutoa machipukizi mita kadhaa kutoka ulipopanda. Aina inayoonekana sana katika bustani ni Phyllostachys aurea, mwembamba, wa kijani unaogeuka dhahabu ukikaa juani, na pingili zake za chini hubanana kwa namna ya kupendeza. Uzuri wake ndio unaowaponza watu.

Mwaka fulani niliitwa Kisumu kuangalia mgogoro wa majirani wawili. Mmoja alikuwa amenunua miche aliyoambiwa ni mianzi ya ua, akaipanda sambamba na mpaka. Mwaka wa nne machipukizi yakatokea upande wa pili: kwanza katikati ya sukumawiki, kisha yakapasua sakafu nyembamba ya jiko la nje la jirani, mama mjane anayepika chakula cha kuuza. Maneno yalikuwa yamefika mbali hata watoto wa nyumba hizo mbili walikatazwa kusalimiana. Tulichimba mtaro wa kina cha goti mpakani na tukayakuta matunguu kama kamba, yakienda kila upande. Ilichukua vibarua siku nne kuyang'oa, na kwa mwaka mzima uliofuata vipande vilivyosalia viliendelea kuchipua. Mwenye mianzi alilipa sakafu ya mama yule, wakasameheana. Lakini mche mmoja ulioulizwa vizuri kitaluni ungeepusha yote hayo.

Namna ya kutambua kitaluni: mwambie muuzaji autoe mche kwenye mfuko au auchungulie chini. Ukiona shina la chini refu, jembamba, limezunguka ndani ya mfuko likitafuta pa kutokea, huyo ni wa kutambaa. Ukiona mashina yamebanana na kitako chake kimevimba kama tangawizi, huyo ni wa kichaka. Alama ya pili ni kwenye shina: mianzi ya jamii ya Phyllostachys ina mfereji au ubapa juu ya fundo linalotoa matawi, na matawi yake makubwa huwa mawili kila fundo. Mianzi ya kichaka shina lake ni la mviringo na matawi hutoka mengi kwa pamoja.

Ikiwa kwa sababu yoyote lazima upande wa kutambaa, uupande ndani ya tangi la zege, au uuzungushie plastiki nzito iliyoshuka sentimita 60 hadi 75 ardhini na kuchomoza juu kidogo, kisha uukague kila mwaka. Kwa ploti ya mjini ushauri wangu ni mmoja: usiupande kabisa.

Unahitaji urefu gani hasa?

Watu wengi wakiona gorofa hufikiri wanahitaji mwanzi wa mita 20. Tufanye hesabu kidogo.

Tuseme jirani yako amesimama dirishani gorofa ya pili, jicho lake liko mita 8 kutoka ardhini, na nyumba yake iko mita 10 kutoka mpakani. Wewe umesimama mita 5 ndani ya mpaka wako, kimo chako mita 1.7. Mstari wa kutoka jicho lake hadi kichwa chako unapita juu ya mpaka kwa kimo cha mita 3.8. Ukirudi nyuma ukasimama mita 10 kutoka mpakani, mstari huo unapita kwa kimo cha karibu mita 4.9. Kwa hiyo ua wa mita 5 uliojaa unatosha. Jicho likipanda gorofa moja zaidi, kufika mita 11, utahitaji mita 4.8 kwa mahali pa kwanza na mita 6.4 kwa mahali pa pili.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza, mwanzi wa wastani wa mita 5 hadi 7 unawatosha watu wengi, wala hapana haja ya kuleta jitu katika ploti ndogo. La pili, kadiri ua unavyokuwa karibu na mahali unapotaka kupasitiri, ndivyo ufupi wake unavyotosha. Si lazima upande mpakani. Vichaka vitatu vilivyopandwa kando ya kamba ya nguo na bomba la kutawadhia vinaweza kukupa stara zaidi kuliko ua wa mita 30 ulio mbali.

Aina za kuchagua

Kisumu iko kimo cha kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto ni la kutosha mwaka mzima, na mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha mvua fupi kuanzia Oktoba. Hali hii inafaa mianzi mingi ya kichaka ya nchi za joto.

Bambusa multiplex. Huu ndio mwanzi wa ua hasa. Urefu wake mita 3 hadi 7, mashina membamba kama kidole, majani mengi kuanzia chini hadi juu, na kichaka chake hubanana. Unakubali kukatwa kwa mkasi ukawa kama ukuta wa kijani. Kwa ploti ya mjini huu ndio chaguo langu la kwanza.

Thyrsostachys siamensis. Asili yake ni Thailand na nchi jirani zake. Hufika mita 8 na kupita hapo, mashina yamenyooka na kubanana, na huvumilia ukame kuliko mingi. Chini hauna matawi mengi, kwa hiyo unafaa mahali penye ukuta mfupi tayari na unachotaka ni pazia la juu. Ni mzuri pia kando ya njia ya kuingilia nyumbani.

Bambusa vulgaris. Huu ndio tunaouona pwani tangu utoto, wa kijani na ule wa manjano wenye michirizi ya kijani. Hufika mita 10 hadi 20, hustahimili joto na maji, na hushika kwa urahisi kwa kipande cha shina. Kasoro yake ni kwamba kichaka chake hakibanani, hupanuka, na huhitaji nafasi. Unafaa shamba la ekari, kingo za mto, au kona ya uwanja mkubwa. Ploti ndogo hauiwezi.

Oxytenanthera abyssinica. Huu ni wetu wa Afrika, wa nyanda za chini na mahali pakavu. Hufika mita 10 hivi, na mashina yake yana nyama nyingi ndani, karibu bila uwazi, kwa hiyo fito zake ni imara. Ndugu yake Oxytenanthera braunii ndiye anayegemwa kule Iringa kupata ulanzi, kinywaji ambacho hakitufai.

Dendrocalamus asper na Dendrocalamus giganteus. Haya ni majitu ya mita 20 hadi 30, mashina manene kama paja. Ni mazuri kwa mbao na nguzo, na ni mazuri kwa shamba. Kuyapanda nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu ni kama kufuga ngamia sebuleni.

Bambusa bambos. Huu una miiba mikali. Unazuia mwizi na mnyama, lakini utazuia pia fundi wako wa kupogoa. Uweke shambani tu, mbali na watoto.

Nao mwanzi wa milimani, Yushania alpina, ule wa Aberdare, Mau na Mlima Elgon, haufai kando ya ziwa. Kwao ni mita 2,400 na zaidi, kwenye baridi na ukungu. Machipukizi yake ndiyo Wagisu na Wabukusu wa Mlima Elgon huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, yaitwayo malewa. Ukiuleta Port Victoria utadhoofika kwa joto. Tena kukata mianzi katika misitu ya serikali kulipigwa marufuku tangu mwaka 1986, kwa hiyo usishawishike na mtu anayekuuzia miche iliyong'olewa mlimani.

Na tahadhari nyingine: kile kimmea cha mapambo kinachouzwa ndani ya glasi ya maji kwa jina la mwanzi wa bahati si mwanzi. Ni jamii ya Dracaena. Vilevile matete ya kando ya ziwa si mianzi, ingawa kwa mbali hufanana.

Ukitaka miche iliyo na jina la uhakika, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ina kituo Maseno kwa watu wa ziwani na kingine Gede kwa sisi wa pwani, na ndiyo iliyoingiza na kujaribu aina nyingi za kigeni tangu miaka ya 1980. Chuo Kikuu cha Maseno nacho kiliwahi kuwafundisha wakulima wa tumbaku wa Nyanza Kusini kuhamia kwenye mianzi. Mwaka 2020 serikali iliuingiza mwanzi rasmi katika orodha ya mazao. Elimu ipo karibu, haina haja ya kubahatisha.

Hesabu ya miche

Chukua ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi. Tuseme unataka kusitiri upande wa nyuma tu, mita 15.

Kwa Bambusa multiplex, panda kila baada ya mita 1. Utahitaji miche 15 au 16. Ukiwa na subira, panda kila mita 1.5, miche 11 itatosha, ila utangoja mwaka mmoja zaidi. Kwa Thyrsostachys, mita 1.5 hadi 2. Kwa Bambusa vulgaris usipungue mita 3, na ua wake huwa mnene wa mita kadhaa, kwa hiyo utakula sehemu kubwa ya uwanja wako.

Umbali na mpaka ni muhimu vilevile. Kwa aina ndogo acha angalau mita 1 hadi 1.5 kati ya mche na mpaka, upate pa kupita na panga pande zote mbili. Kwa aina kubwa acha mita 3 au zaidi kutoka kwenye nyumba, karo la choo na mabomba. Mizizi ya mwanzi ni nyuzi nyembamba kama za nyasi, hainenepi ikainua msingi kama mizizi ya mkuyu. Lakini chipukizi changa lina nguvu, na likikuta bomba jepesi au sakafu nyembamba litapita. Wala usipande chini ya nyaya za umeme. Mwanzi uliolowa mvua ukiinamia waya ni hatari.

Kupanda

Panda mvua zinapoanza, Machi au mwanzo wa Aprili, ili mche ushike mizizi kabla ya kiangazi. Sisi wa pwani tungoje masika.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Rudisha mchanganyiko huo, panda mche kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kwenye mfuko, shindilia kwa mguu, kisha mwagia maji.

Sehemu za Nyando na tambarare za Kano zina udongo mweusi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Huko usipande shimoni. Tengeneza tuta la kimo cha sentimita 30, changanya mchanga na samadi nyingi, upande juu yake. Mche mchanga ukisimama majini wiki mbili mfululizo, mizizi yake huoza.

Funika chini kwa matandazo: majani makavu, mabua, au hata gugumaji la ziwani, ambalo wengi huliona adui tu. Lianike kwanza likauke kabisa, usiliweke karibu na mto au bwawa. Matandazo hutunza unyevu na huoza yakawa mbolea.

Mwaka wa kwanza, wakati wa kiangazi, mpe kila mche maji ya ndoo moja mara mbili au tatu kwa wiki. Maji mengi kwa siku chache ni bora kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji yanakokwenda. Mbuzi na ng'ombe wanapenda majani ya mwanzi, kwa hiyo zungushia miiba mpaka mwaka wa pili.

Kama huna fedha za kununua miche mingi, Bambusa vulgaris unaweza kuuzalisha mwenyewe. Kata shina la umri wa mwaka mmoja hadi miwili, chukua vipande vyenye mafundo mawili au matatu, vilaze au viegemeze kwenye udongo wenye unyevu kivulini, na baada ya majuma kadhaa vitachipua. Aina nyembamba huzalishwa kwa kugawa kichaka kwa sururu na msumeno, kila kipande kiwe na tunguu na shina lake.

Utunzaji, na habari ya mbu

Ua wa mianzi usiotunzwa hugeuka msitu. Kuanzia mwaka wa tatu, kila kiangazi ingia ndani ya kichaka uondoe mashina yaliyokufa na yaliyozeeka, yale yenye ukungu mweupe na rangi iliyofifia. Acha machanga. Kata matawi ya chini hadi kimo cha goti ili upepo upite, fagia majani yaliyorundikana. Rundo la majani makavu hufuga panya, panya huita nyoka, na cheche moja ya moto wa taka humaliza ua mzima.

Ukikata shina, likate juu tu ya fundo, pasibaki kikombe. Jambo hili dogo ni la afya. Kisiki cha mwanzi kilichokatwa katikati ya pingili hujaa maji ya mvua, na mbu wa jamii ya Aedes hupenda kutaga katika vyombo vidogo kama hivyo. Huyo ndiye mbu wa mchana anayeeneza dengi na chikungunya. Sisi wa Mombasa tuliumwa na dengi mwaka 2013 na 2014, na chikungunya ikaja mwishoni mwa 2017. Walioumwa viungo wakati ule hawajasahau. Visiki vya zamani vilivyokwisha kukatwa vibaya, vijaze mchanga.

Machipukizi ya aina nyingi yana vinyweleo vya kahawia vinavyowasha ngozi, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Na watoto waambiwe wasitafune machipukizi mabichi. Kama muhogo mchungu, yana sumu ya sayanidi, na mataifa yanayoyala huyachemsha kwanza.

Fito utakazokata zina kazi: ngazi, dema la kuvulia, banda la kuku, kichanja cha nyanya. Kata mashina yaliyopita miaka 3, wakati wa kiangazi, maana mashina machanga yana wanga mwingi unaowavuta dumuzi. Kuyaloweka mtoni au kwenye pipa majuma kadhaa huondoa sehemu ya wanga huo.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni maua. Mianzi mingi hutoa maua mara moja tu baada ya miaka mingi, kisha kichaka chote hufa. Kule Mizoram, India, mwanzi uitwao Melocanna baccifera hutoa maua kila baada ya miaka 48 hivi. Panya hula mbegu zake, wakaongezeka, wakavamia mashamba. Mwaka 1959 kulitokea njaa kubwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nunua kutoka vitalu viwili tofauti ukiweza, ua wako usife siku moja.

Kando ya mto na ziwa

Ndugu zetu wa Port Victoria na Bunyala kwa jumla wanajua Mto Nzoia unavyofanya. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita kiwango kilichozoeleka, na nyumba nyingi kandokando yake ziliingiliwa. Mianzi ya kichaka ina msaada hapa: matunguu na nyuzi za mizizi hushona udongo wa kingo usichukuliwe, na Bambusa vulgaris huvumilia maji ya muda mfupi kuliko mingi.

Lakini mwanzi hauzuii mafuriko. Unapunguza mmomonyoko tu. Usipande juu ya tuta lililojengwa kuzuia mto bila kuuliza maafisa wa maji, kwa kuwa kichaka kinaweza kuficha mashimo ya wanyama na nyufa ambazo mkaguzi anapaswa kuziona. Panda upande wa shamba lako, nyuma ya tuta. Tena ukingo wa mto, mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, una masharti yake kisheria. Kupanda cha kuhifadhi ni jambo moja, kuziba njia ya watu kwenda kuteka maji ni jambo jingine.

Haki ya jirani

Stara ni haki yako, na jirani naye ana haki yake. Kabla ya kupanda, mwendee. Mwambie unapanda nini, umbali gani na mpaka, na utakata lini. Ua wa mita 6 upande wa mashariki utamnyima jua la asubuhi la kuanikia omena na nguo. Majani ya mwanzi hudondoka mwaka mzima na yataziba mifereji ya bati lake. Yote haya yana ufumbuzi yakisemwa mapema: kusogeza mstari wa kupanda, kukubaliana kimo, kugawana fito. Udongo upate uli maji.

Na kwa wale wenye gorofa, nina neno. Dirisha linaloangalia uani kwa mtu linaweza kuwekwa kioo cha ukungu au kuinuliwa juu kidogo wakati wa ujenzi, bila gharama kubwa. Mafundi wetu wa zamani wa Lamu na Mombasa walilijua hilo: hawakuelekeza dirisha la nyumba hii ndani ya ua wa nyumba ile. Anayejenga leo Kisumu akilifikiria hilo kabla ya kumwaga zege, jirani yake hatahitaji kungoja miaka minne mianzi ikue.

Kwa ambaye gorofa imekwisha simama nyuma yake, mvua za mwaka huu zikianza, achukue kamba na vigingi, apime mahali pa kufulia na pa kutawadhia, ahesabu miche yake, kisha aende kitaluni akaombe kuona mizizi kabla ya kulipa.

Wabillahi tawfiq.